Jozi Tisa za Kinampanda

Zahanati, Kinampanda
2 Machi 2023

Kaka Urbano,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Wifi Anastasia na watoto hawajambo? Huku mvua inachagua pa kunyesha. Wa bondeni wamepata, sisi wa juu tunatazama mawingu yakipita.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi tisa. Nimewasimamisha wagonjwa wangu mmoja mmoja juu ya karatasi, nikazungusha kalamu kufuata nyayo zao. Ningeweza kupiga simu, lakini nyayo hazipiti kwenye simu. Kila karatasi ina jina, na nimetia alama penye kovu na penye kidole kilichokatika. Tafadhali usikate kwa kukisia.

Sita wana kisukari. Watatu walitibiwa ukoma zamani, wakapona, ila miguu ilikuwa imeshaharibika. Shida yao wote ni moja: ganzi. Mwiba ukiwaingia hawajui. Wewe sina haja ya kukueleza, umekua ukimwosha baba miguu.

Ninachokuomba ni ngozi halisi, laini, inayopitisha hewa. Hivi viatu vya minadani vya plastiki iliyopakwa sura ya ngozi vinawamaliza watu wangu. Mguu mzima utavumilia. Mguu wa ganzi ukilowa jasho humo ndani unaoza kimyakimya, na mwenyewe anaendelea kupalilia. Usitie msumari, na mshono usipite juu ya mfupa.

Karatasi ya juu ni ya Bibi Rebeka. Ana miaka sabini na miwili, ni mmoja wa wale watatu wa ukoma. Anaishi peke yake na analima alizeti zake mwenyewe, amevaa kandambili alizozifunga kwa kamba. Aliniuliza kama fundi ni ndugu yangu kweli. Nikamwambia tumbo moja. Akasema, "Basi atanishonea kama anamshonea mama yake."

Mdogo wako,
Scholastika


Ikungi
21 Machi 2023

Mdogo wangu Schola,

Marahaba. Sisi wazima. Ninayo mafua tu, haya haya ya tangu Krismasi. Pua imeziba hata harufu ya gundi siisikii, na hilo kwa fundi viatu ni neema.

Katoni utaipata kwa kondakta wa basi la Kiomboi. Hesabu, ni jozi tisa. Nimezishona kwa wiki mbili na nusu. Zamani ningemaliza kwa siku kumi, lakini siku hizi uzi unanitoka vidoleni, macho nayo yameanza uzee mapema. Anastasia ndiye anayenitungia sindano.

Umenionya habari za ngozi bandia kama vile mimi ni mwanafunzi. Juzi mwalimu mmoja kaniletea viatu alivyonunua mnadani mwezi wa kwanza. Vimebambuka kama kiazi kilichochemshwa, chini yake kitambaa kitupu. Anataka nivirudishie ngozi. Nikamwambia, mwalimu, hivi vimeota nywele bandia, mimi nitavisuka vipi?

Nitakwambia kazi ilivyo. Ngozi ya kweli ukiibonyeza inakunja uso kama mzee aliyeudhiwa, kisha inatulia. Ukiikata, ukingoni kuna nyuzinyuzi. Ina harufu yake. Lakini siku hizi viwanda vimejanjaruka. Ile ya bandia wanaitia mikunjo, upande wa ndani wanaifanya manyoya kama ngozi kabisa, hata harufu wanaipulizia. Macho yanadanganyika. Kwa hiyo mimi nikifika dukani kwa Abdulkadiri kule Singida mjini nafumba macho, napitisha kidole. Kidole hakidanganyiki. Ndivyo nilivyoichagua ngozi ya wagonjwa wako, vipande viwili vya mbuzi, laini kama sikio la mtoto.

Mwambie Bibi Rebeka nimemshonea kama alivyotaka.

Kaka yako,
Urbano


Zahanati, Kinampanda
8 Mei 2023

Kaka Urbano,

Shikamoo.

Simu yako haikupokelewa tangu Jumamosi, kwa hiyo naandika.

Bibi Rebeka ana kidonda. Kipo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kirefu kiasi kwamba kijiti cha pamba kinazama. Alikuja zahanati kwa mguu wake, kilomita tatu, kuja kuomba dawa ya kikohozi. Kidonda mimi ndiye niliyekiona, baada ya kusikia harufu. Alikuwa amevivaa viatu vyako kila siku tangu Pasaka. Alikuwa anajivuna navyo kanisani.

Nilivivua. Ndani vilikuwa vimelowa kama vimetolewa kisimani. Nikachukua wembe nikapasua kile cha kulia. Kaka, si ngozi. Juu ni plastiki, katikati sponji nyembamba, chini manyoya ya kubandika. Pale inapokunjika imevunjika, imetoa ukingo mkali kama kigae, na ukingo huo ndio uliokuwa unasaga kidole chake kila alipopiga hatua.

Nikawaita wengine wote nane. Jozi nne ni ngozi nzuri kabisa. Nne ni hii hii. Wawili wameanza malengelenge, nimewavua wamerudia kandambili zao.

Na mimi sijitoi. Katoni ilipofika niliviona vimependeza, nikavigawa bila kupasua hata uzi mmoja, kwa sababu vimetoka kwako.

Ninakuuliza jambo moja na ninaomba unijibu kweli. Hii ngozi ilifikaje kwenye meza yako?

Scholastika


Ikungi
13 Mei 2023

Schola,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nimeshajua aliyetutenda. Ni Abdulkadiri. Miaka kumi na moja nimenunua kwake, na leo kanipakia takataka. Jana nilipanda basi asubuhi nikaenda mpaka dukani kwake, wateja wamejaa, nikakitupa kipande kilichobaki juu ya meza yake. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Umeniuzia plastiki kwa jina la ngozi, na sasa mwanamke mzee anaoza mguu. Mungu wako anakuona."

Alikiokota kile kipande, akakigeuza, akaniangalia. Nikasema tena. Akasema, "Fundi, kaa kwanza." Nikatoka. Mtu asiye na kosa angejitetea.

Wape pole wagonjwa. Nitashona jozi nyingine tano nikipata ngozi kwa mtu mwingine. Ila kwa sasa mkono una kazi nyingi, usinihimize.

Hali ya Bibi Rebeka unijulishe.

Urbano


Singida mjini
19 Mei 2023

Kwa Dada Scholastika, Zahanati ya Kinampanda.

Salamu nyingi baada ya kukutakia afya. Jina langu ni Abdulkadiri, mwenye duka la ngozi na vifaa vya mafundi hapa mjini. Hatujaonana, ila anwani yako ninayo kwa kuwa katoni za kaka yako huwa nazipeleka stendi mimi. Nimeona niandike. Dukani kwangu kuna masikio mengi na jambo lenyewe si la simu.

Kaka yako amenitukana mbele ya wateja. Nimemsamehe, na siyo hilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa tatu alikuja kuchukua ngozi. Mimi nauza zote mbili, ya mnyama na ya kiwandani, maana wapo wanaotaka za mikoba na mikanda ya bei ndogo. Ya mnyama inakaa kulia, ya kiwandani kushoto, na kila mteja namwambia. Urbano alifumba macho kama kawaida yake. Akachukua kipande kimoja cha kulia, sawa. Kisha mkono wake ukaenda kushoto, akakipapasa cha pili, akasema, "Na hiki ndugu yake." Nikamwambia, "Fundi, hicho cha kiwandani." Akacheka sana. Akasema, "Abdul, leo unataka kunifundisha ngozi?" Nikanyamaza. Nilidhani anakitaka kwa kazi ya mikoba na ananitania. Kunyamaza huko ndiko kosa langu, na nitaulizwa.

Sasa nikueleze ya siku alipokuja na hasira. Alikuwa amekishika kile kipande pamoja na msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea. Ameukamata kwa nguvu, ncha imeingia kwenye nyama ya kidole gumba. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono na inadondoka kwenye meza yangu. Dada, yeye alikuwa anaongea tu. Hakukunja uso. Hakuutazama mkono. Ndiyo sababu nilimwambia akae.

Mimi si mganga. Nimefuta ile damu nikabaki nawaza, na mke wangu Mwanvua akaniambia, mwandikie dada yake, yeye ni muuguzi.

Wako katika heri,
Abdulkadiri


Zahanati, Kinampanda
22 Mei 2023

Kaka yangu,

Shikamoo.

Bibi Rebeka tumempeleka hospitali Singida mjini jana. Homa ilikuwa imepanda. Daktari anahofia mfupa.

Barua hii isome ukiwa peke yako.

Nimepata habari za kidole chako kilichotobolewa na msharasi. Usiulize nani. Tangu hapo nimekuwa nikizipanga barua zako mezani na kuzisoma upya kama faili la mgonjwa. Uzi unakutoka vidoleni. Anastasia anakutungia sindano. Kazi ya siku kumi inachukua wiki mbili na nusu. Pua imeziba tangu Krismasi na harufu huisikii. Krismasi hiyo mimi nilikuwa hapo hapo Ikungi, nimekaa karibu yako siku tatu, na nikakuchemshia tangawizi.

Fanya hivi. Fumba macho, Anastasia akuguse vidoleni kwa ncha ya uzi, wewe useme amegusa wapi. Kisha jitazame mgongoni na mapajani kama kuna baka lililopauka, lisilowasha wala kuuma. Unajua ninatafuta nini. Tulikulia nyumba moja.

Niandikie siku hiyo hiyo.

Scholastika


Ikungi
27 Mei 2023

Scholastika,

Unaniandikia kama mgonjwa wako. Mimi ni kaka yako mkubwa na sina ugonjwa wowote.

Ulitaka ukweli, chukua. Nilijua. Abdulkadiri aliniambia ni ya kiwandani na nikaichukua kwa makusudi. Ngozi halisi inachosha mkono, ile nyingine inakatika kama kitambaa na sindano inapita bila kusukumwa. Nilikuwa nimechoka, nikaona wazee wa kijijini hawatajua tofauti. Nilikudanganya, nikamsingizia mtu asiye na kosa. Basi. Umepata ulichotaka. Mimi ni mwongo, na kama Bibi Rebeka akikatwa mguu, nimemkata mimi.

Lakini mambo ya uzi na mabaka usiyaandike tena kwenye karatasi. Watoto wangu wanajua kusoma. Simeoni yuko kidato cha pili, unataka wenzake wamwiteje?

Usinitumie karatasi za nyayo tena. Tafuta fundi mwingine. Na usije.

Urbano


Ikungi
30 Mei 2023

Wifi yangu Scholastika,

Habari za huko. Mimi si mwandishi kama ninyi, utanisamehe.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili niliikuta imekunjwa chini ya kopo la gundi. Nimeisoma. Ninajua haikuwa yangu. Nimeisoma na nikakaa chini.

Wifi, mimi nilidhani ana mwanamke. Tangu Pasaka analala kule karakana, anasema joto. Kikombe chake amekitenga, sahani yake anaiosha mwenyewe. Mtoto mdogo akimkimbilia anamsukuma kwa nyuma ya mkono. Mimi nikaona moyo wake umehama, nikawa nalia na nampikia mlenda ule anaoupenda, naye hauli.

Mwezi wa pili aliinua sufuria ya ugali jikoni bila kitambaa. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya nyama inaungua. Nikapiga kelele, ndipo akaiweka. Akasema mikono ya fundi ni migumu. Nyusi zake zimepungua huku mwishoni, akasema ni sabuni. Mgongoni analo baka. Mimi nilidhani ni mba.

Jana nikamwambia nimeisoma. Hakugomba. Alisema, "Afadhali waniite mwongo. Mwongo anasalimiwa." Kisha akaniambia niwachukue watoto niende kwa mama kwa muda. Nikamwambia siendi.

Lakini wifi, usiku siwezi kulala kabla sijakuuliza hili. Mimi nimelala naye miaka kumi na tano. Watoto wamelishwa na mkono wake. Je, na sisi tunao? Nimewavua nguo wote watatu leo mchana nikawatazama mwili mzima juani. Huyu mdogo ana alama kwenye bega, sijui ni ya kuzaliwa, mimi sikumbuki, mama mzima nimesahau mwili wa mwanangu.

Nijibu upesi.

Wako,
Anastasia


Zahanati, Kinampanda
2 Juni 2023

Kaka Urbano,

Shikamoo. Hii namtumia wifi Anastasia akusomee, na akikataliwa aisome kwa sauti mlangoni.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba siiamini. Umeshona viatu tangu una miaka kumi na mitatu. Mtu anayetaka kudanganya hachanganyi jozi nne nzuri na tano mbovu kwenye katoni moja. Aliyefanya hivyo alikuwa hajui kipi ni kipi.

Nakuandikia kama muuguzi sasa. Ukoma unatibika. Dawa ni bure, ni vidonge vya mwaka mmoja, na ukishaanza kuvimeza huwaambukizi tena watu wa nyumbani. Anastasia na watoto watapimwa na, alivyonieleza kwa simu ile alama ya bega, ninaamini ni ya kuzaliwa. Hauambukizwi kwa kikombe. Umekitenga kikombe bure na kumliza mkeo bure.

Kisichorudi ni muda. Mshipa wa fahamu ukiwahiwa ndani ya miezi sita unaweza kurudi. Ukichelewa, umekufa. Wewe tangu Krismasi, na pengine kabla. Kila siku unayokaa karakana unakata mkono wako mwenyewe.

Sasa nakuandikia kama mdogo wako. Baba alijificha miaka minne. Alijifunga matambara akasema ni baridi yabisi, na sisi tukaambiwa tuseme hivyo shuleni. Tulimlinda vizuri sana, kaka. Tulimlinda mpaka miguu yote miwili ikaisha. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ndiyo heshima. Mimi siwezi kumlinda mtu hivyo mara ya pili.

Nipo peke yangu zahanati, mwenzangu amejifungua. Nimeomba ruhusa, nimepewa siku moja. Jumatano nitakuja na basi la kwanza na tutaenda hospitali pamoja. Usipotaka kwenda nitakaa hapo hapo mlangoni, na majirani watauliza kwa nini.

Bibi Rebeka amekatwa vidole viwili. Mguu upo.

Scholastika


(Iliachwa juu ya meza ya karakana, chini ya nyundo)

Ikungi
7 Juni 2023, saa kumi jioni

Kaka,

Nimefika saa tano, hupo. Wifi anasema umetoka jana alfajiri na begi dogo, hukusema unakwenda wapi, na simu umeiacha kitandani. Tumeuliza stendi, tumeuliza kwa padri. Calist wa mashine ya kukoboa anasema alikuona unatembea kuelekea barabara ya lami. Jirani mmoja amekwenda mpaka kwenye bwawa. Sikumtuma mimi. Alipokuwa anarudi sikuweza kumtazama usoni mpaka alipotikisa kichwa.

Kama barua yangu ndiyo iliyokufukuza, nisamehe. Nilikutishia na majirani. Sikupaswa.

Basi la mwisho linaondoka sasa. Popote ulipo, ukirudi, kula kwanza. Kisha unitumie hata neno moja.

Schola


Hospitali, Singida mjini
17 Juni 2023

Mdogo wangu Schola,

Marahaba zako zote nilizokunyima kwenye barua zilizopita, pokea leo.

Najua Anastasia alishakwambia kwa simu kuwa nipo hai na nipo hapa. Mengine sikumwachia ayaseme. Nimeazima peni na ninaandika polepole, maana naikamata kwa macho.

Wewe uliandika Jumatano. Niliposikia Anastasia anasoma mlangoni, niliona kwamba nikikusubiri utanichukua kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa, na majirani watatazama. Nikaona ni heri nitoke mwenyewe. Lakini sikuwa nakuja hospitali, nisikudanganye. Nilitoka tu. Nilitembea mpaka barabara ya lami nikakaa pale kwenye daraja dogo tangu jua linachomoza mpaka linakuwa kali. Mabasi ya Dodoma yanapita upande huu, ya Singida upande ule. Nauli ilikuwa inatosha kokote. Niliwaza niende mbali ambako hakuna anayemjua baba.

Kilichoniinua ni jambo dogo la aibu. Kule mbali ningefanya kazi gani? Ningefika niseme mimi ni fundi viatu, na mkono wangu haujui plastiki na ngozi. Huo ulikuwa ndio ujuzi wangu wote. Nikapanda la Singida.

Nilikwenda dukani kwa Abdulkadiri kwanza. Nilimtukana mbele ya watu, nikaona nimwombe radhi mbele ya watu. Wateja walikuwa wanne. Nikasema, "Nilikusingizia. Uliniambia na sikukusikia. Kosa lilikuwa la mkono wangu." Nilitaka kuishia hapo. Akatoka nyuma ya meza. Akachukua mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, ule ule wenye kovu, akaushika na hakuuachia. Watu wanaona. Akasema, "Mke wangu ametuwekea chai." Schola, mwezi mzima nilikuwa sijashikwa mkono na mtu. Nilikuwa siusikii, lakini niliuona umeshikwa.

Nikamwambia yote ndani, Mwanvua naye akisikia, na usiku nikalala kwao. Alfajiri ile ya Jumatano, wewe ukiwa kwenye basi unakuja kwangu, yeye aliacha duka limefungwa akanileta hapa. Hatukujua unanitafuta. Jioni ndipo alipompigia Anastasia. Habari za jirani kwenda bwawani zimeniumiza, na nitamwomba radhi yeye pia.

Wamenichoma na kisu kidogo kwenye ndewe ya sikio wakachukua majimaji, wakapima. Ni ukoma. Daktari alilisema neno lenyewe bila kupunguza sauti, kama mtu anayesema malaria. Nimeanza vidonge. Wamenipa na vingine vya kuokoa mishipa. Kidole gumba na cha shahada wanasema huenda vikarudi kwa sehemu. Viwili vya mwisho, hapana. Anastasia na watoto wamepimwa Jumatatu, wazima wote, na ile alama ya bega ni ya kuzaliwa kama ulivyosema. Simeoni aliniuliza ugonjwa unaitwaje. Nikamwambia jina lake. Akauliza kama atalazimika kuwaambia wenzake. Nikamwambia hilo ni la kwake kuamua, wala baba yake hatamwambia aseme baridi yabisi. Sijui kama nimejibu vyema. Ninaogopa kwa ajili yake kuliko ninavyoogopa mkono.

Sasa jambo ambalo nimekuandikia barua hii.

Bibi Rebeka yupo hapa, wodi ya wanawake. Siku tano nilipita dirisha lake nikiangalia chini. Siku ya sita nikaomba ruhusa kwa muuguzi, nikaingia. Mguu umefungwa bandeji mpaka kwenye kisigino. Ni mdogo kuliko nilivyomwaza. Nikasimama mwisho wa kitanda nikamwamkia, nikasema, "Bibi, mimi ndiye fundi. Nilikushonea plastiki nikidhani ni ngozi. Vidole vyako ni mimi." Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikabaki na hayo.

Nilitamani anitukane. Akasema, "Ulidhani?"

Nikamwonyesha mikono.

Akaniuliza, "Umeanza dawa?" Nikasema ndiyo, siku ya sita. Akasema, "Mimi waliniletea dawa nimeshachelewa. Vidole viwili nilivyokatwa havikuwa vya kwanza." Halafu akasema nilichofanya kimemuumiza, na kwamba alivipenda vile viatu, na kwamba hatasema hakuna neno kwa sababu neno lipo. Nikajibu nitamshonea vingine. "Utashona," akasema, "lakini ngozi achague mtu mwingine." Abdulkadiri ameshakubali kuchagua. Atanitia alama ya wino nyuma ya kila kipande na mimi nitashona, na Anastasia atapitisha kidole ndani ya kila kiatu kabla hakijafungwa. Wagonjwa wako wote waliopata vibaya watapata vipya, nikiruhusiwa kushika sindano.

Nikadhani tumemaliza, nikaaga. Akasema, "Kaa." Nikakaa pembeni ya kitanda. "Vua viatu."

Nilisita. Wanawake wa vitanda vingine walikuwa wanatazama. Nikavua. Akaupakata mguu wangu wa kushoto kwenye mapaja yake kama mtu anayechambua mchele, akaugeuza unyayo kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na tundu chini ya kisigino, na damu imeshakauka kwenye soksi. Msumari wa karakana yangu mwenyewe, Schola, sijui tangu siku gani. Mpaka siku hiyo nilikuwa nawaza mikono tu.

Akamwita muuguzi alete maji na pamba. Akaniambia bila kunitazama, "Mguu wa ganzi hausikilizwi. Unatazamwa, kila siku, na usipoweza kuuona mwambie mkeo autazame." Nikasema nimeelewa.

"Lete na huo mwingine," akasema.

Kaka yako,
Urbano